Nataka kujifunza kazi ya udongo na vioo ya Kutch. Nianzie wapi hapa Nairobi?

Mwiko wa Kayole

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni fundi wa plasta na gibsamu. Nakaa Kayole lakini kazi zangu nyingi ziko Parklands na Westlands.

Wiki hii nimekuwa nikirekebisha dari kwa mama mmoja mzee wa Kihindi pale Parklands. Sebuleni kwake kuna ubao wa duara umetundikwa ukutani, umejaa mistari ya udongo iliyoinuka na vioo vidogo vidogo, vingine duara, vingine pembetatu. Kazi yote ni nyeupe, hakuna rangi nyingine. Jioni akawasha taa moja tu ya pembeni, na ukuta wa upande wa pili ukajaa vidoa vya mwanga. Niliweka mwiko chini nikasimama kutazama. Nimepiga plasta miaka mingi na sijawahi kuona ukuta ukifanya hivyo.

Akaniambia kazi ile inaitwa lippan kaam, na asili yake ni Kutch, huko Gujarat. Ule ubao aliletewa na jamaa zake. Lakini utotoni aliona nyumba iliyopambwa hivyo ukuta mzima, na anasema mpaka leo akifumba macho anauona. Kisha akaniuliza: wewe si fundi, huwezi kunitengenezea ukuta kama huo kwenye baraza la nyuma?

Sijamjibu bado. Sitaki kushika kazi ya watu nisiyoijua kisha nikaiharibu. Udongo wenyewe siuogopi. Nyanya yangu kule Kakamega alikuwa akikandika nyumba kwa udongo na mavi ya ng'ombe kila Desemba kabla ya Krismasi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimchotea maji na kuukanyaga udongo. Ila ile mistari myembamba na vile vioo ni jambo jingine kabisa.

Maswali yangu: ni udongo gani unaofaa hapa Nairobi? Utashika kwenye ukuta wa simiti uliopakwa rangi? Vioo vidogo hivyo vinapatikana wapi? Na zaidi ya yote, mtu anaanza kujifunza na nini kwanza? Mwenye kujua anisaidie.

Kazi za Ndani

Karibu, fundi. Mimi hutengeneza mapambo ya ndani na nimefanya bao kadhaa za namna hii. Ushauri wangu: usihangaike na udongo wala mavi. Nunua ubao wa MDF, mkatie seremala duara, chora mchoro wako kwa penseli na bikari, kisha tumia unga wa kauri uliochanganywa na gundi nyeupe ya mbao. Unaviringisha kamba, unabandika, unapachika vioo kwa gundi. Ukikauka unapaka rangi ya maji. Ni kazi safi, haina harufu, na mteja anautundika ubao wake anapotaka. Hata huko India siku hizi bao nyingi zinazouzwa mijini zinatengenezwa hivyohivyo.

Mshonaji wa Ngara

Mwanangu Mwiko, nimesoma swali lako nikaacha cherehani. Nitakujibu kwa kirefu, maana kazi hii naipenda na sipendi kuona ikifundishwa nusunusu.

Mimi ni mshonaji hapa Ngara. Nilizaliwa Mombasa, nikaja Nairobi kwa ndoa. Mlango wa pili kutoka kwangu alikuwa akikaa mama mmoja wa Kikutchi, sote tukimwita Ba. Alikuwa akinipa kazi ya kupachika vioo kwenye sketi na shela za harusi. Nikamwuliza imekuwaje anapanga vioo kwenye kitambaa bila kuchora hata mstari mmoja. Akasema mikono yake ilijifunza kwenye udongo kabla haijashika sindano. Basi nikamwomba anifundishe. Tulifanyia nyuma ya duka, kwenye kipande cha plaiwudi, kwa udongo mwekundu uliotolewa kwenye msingi wa jengo la jirani. Yeye sasa ametangulia mbele ya haki, na kila ninachokuambia hapa kimetoka kwake au kimepita mikononi mwangu.

Kwanza ujue kazi hii imetoka kwenye nyumba gani, maana bila hivyo utaona ni urembo tu. Kaskazini ya mji wa Bhuj kuna mbuga za Banni, na mbele yake jangwa la chumvi la Rann. Watu wa huko hujenga bhunga, nyumba za duara zenye kuta nene za udongo, paa la nyasi lenye ncha, na madirisha madogo machache. Kiangazi joto la nje hupita nyuzi 40. Ndani kuna ubaridi, lakini pia kuna giza, kwa sababu dirisha kubwa lingeingiza jua na vumbi. Ndipo wanawake wakaweka vioo ukutani. Usiku taa moja ya mafuta inawaka, kila kioo kinachukua kipande cha mwanga wake na kukirusha kwingine, na chumba kizima kinaonekana. Hicho ndicho ulichokiona Parklands ile jioni.

Na wewe kama mjenzi hili litakupendeza: tarehe 26 Januari 2001 tetemeko kubwa lilipiga Kutch, likaua maelfu ya watu na kubomoa majengo mengi ya mawe na ya zege. Bhunga nyingi zilizojengwa vizuri zilisimama. Ukuta wa duara hauna pembe ambapo ufa ungeanzia, na paa lake ni jepesi. Watu wanaoziita nyumba za udongo nyumba za kimaskini wangeliangalia jambo hilo kwa makini.

Sisi wa Pwani kazi hii haitupi shida kuielewa. Nenda Lamu, ingia nyumba ya mawe ya zamani, utakuta ukuta wa ndani umejaa zidaka za plasta iliyochongwa. Nenda Mambrui, utaona kaburi la nguzo lililopachikwa mabakuli ya kaure ya Kichina. Kupachika kitu kinachong'aa ukutani hatukufundishwa na mtu.

Sasa udongo. Kule Kutch wanauchukua kwenye sakafu ya ziwa lililokauka, wanauchekecha mpaka uwe laini, kisha wanauchanganya na mavi ya ngamia au ya punda, karibu nusu kwa nusu. Nyuzi za majani zilizomo kwenye mavi ndizo zinazoshika udongo usipasuke, na wenyewe husema zinafukuza mchwa pia. Wengine hutia makapi ya uwele badala ya mavi. Hapa Nairobi, tafadhali, usichukue ule udongo mweusi wa Embakasi na Syokimau. Unavimba ukilowa na kunywea ukikauka. Wewe ni fundi, umeona unavyopasua nyumba za watu. Chukua mwekundu, na hauko mbali: mteja wako yuko Parklands, chimba kwenye bustani yake mwenyewe, pita tabaka la juu lenye mizizi, chukua wa chini. Ukuta wake utakuwa umetoka kwenye ardhi yake. Ba angelipenda hilo.

Upime kabla ya kuuamini. Jaza chupa ya plastiki theluthi moja udongo, ongeza maji, tikisa, acha mpaka kesho yake. Mchanga utatua chini kabisa, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Halafu viringisha kamba nyembamba ya unene wa penseli na uizungushe kwenye kidole chako. Ikikatika, mfinyanzi hautoshi. Ikizunguka vizuri lakini ikapasuka inapokauka, ongeza nyuzi au mchanga laini kidogo. Ukishapata mchanganyiko, ukande, uufunike kwa gunia bichi, uuache siku chache uchachuke. Utaona mwenyewe unavyokuwa laini na mtiifu.

Mavi yapate kwa ng'ombe anayekula nyasi. Ng'ombe wa kulishwa unga wa kiwandani mavi yake hayana nyuzi, ni uji tu.

Na swali lako kubwa, uanze na nini. Anza na kamba. Usinunue kioo hata kimoja kwa sasa. Ba alinikataza kugusa vioo mpaka niweze kuviringisha kamba ya udongo kati ya viganja viwili ikatoka na unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, nyembamba kama mshipi wa kuvulia, na niilaze ukutani kwa mstari mmoja bila kuinua mkono. Unalowesha ukuta kwanza kwa vidole, unalaza kamba, unaibana pande zote mbili kwa ncha za vidole ili mizizi yake iingie kwenye ukuta. Huko kubana ndiko kazi yenyewe ilipo. Kamba isiyobanwa vizuri inaonekana nzuri leo, na ikishakauka inadondoka nzima nzima.

Tena usichore kwa bikari. Najua ndugu yetu Kazi za Ndani ameshauri bikari, na simlaumu, ubao wa kuuza una mahitaji yake. Lakini wanawake wa Banni huchora kwa jicho na kwa shubiri ya mkono. Duara lililotoka mkononi lina uhai ambao bikari haitoi, na jicho la mteja wako litaujua mara moja, maana aliuona utotoni.

Mwiko wa Kayole

Shikamoo, mama. Nimesoma mara mbili na nimeshachimba, ingawa si Parklands, ni kwa rafiki yangu Ruaka. Kamba ya kidoleni ilizunguka bila ufa. Nimefurahi sana.

Nina maswali zaidi, nivumilie. Ukuta wa mteja ni simiti iliyopakwa rangi inayong'aa. Udongo utashika vipi? Pia mama mwenyewe ameniambia waziwazi hataki mavi ndani ya nyumba yake kwa sababu ya harufu. Halafu hilo baraza la nyuma lina paa, lakini mvua ya upepo inaingia. Na mwisho, nitoze vipi? Nimezoea kutoza kwa mita ya mraba.

Fundi Vioo

Niongeze neno kuhusu vioo, maana hiyo ndiyo riziki yangu.

Usitumie vioo vya kawaida vya milimita 4 vya kabati. Ni vizito na kingo zake ni nene, udongo utahangaika kuvishika. Omba vipande vya kioo chembamba kabisa. Kila fundi vioo ana boksi la mabaki, na wengi wetu tutakupa kwa bei ndogo sana kwa sababu tunayatupa. Pembetatu, mraba na umbo la almasi tunakata haraka. Duara dogo ndilo linalosumbua kukata kwa mkono, kwa hiyo duara nunua yaliyo tayari kwenye maduka ya vitambaa na mapambo ya nguo yanayouza vitu vya sari.

Na tafadhali, kila kioo kisuguliwe kingo kwa msasa wa maji au kwenye jiwe laini lililoloweshwa. Utakuwa ukivibonyeza kwa dole gumba siku nzima. Kingo isiyosuguliwa itakukata, na mtoto atakayepitisha mkono ukutani naye atakatwa. Vaa miwani unapokata. Unga wa kioo usiupulize kwa mdomo, ufute kwa kitambaa kibichi.

Mshonaji wa Ngara

Marahaba, mwanangu. Na wewe Fundi Vioo asante, hilo la kingo ni kweli tupu.

Niongeze kuhusu vile vya duara vya dukani. Vile vya asili kule Gujarat, kwa mfano vya mji wa Kapadvanj, hutengenezwa kwa kupuliza kioo kikawa tufe, kinatiwa fedha kwa ndani, kisha tufe linavunjwa na vipande vinakatwa. Ndiyo maana ukikitazama kioo cha namna hiyo kwa makini, kimebinuka kidogo. Mwanga wake hautoki mahali pamoja, unatawanyika. Vya kiwandani ni bapa. Ukivipata vilivyobinuka viweke katikati ya mchoro, vilivyo bapa viende pembeni.

Sasa nikujibu. Ukuta wa rangi inayong'aa hautashika udongo, usijidanganye. Kwangua rangi yote, kisha uchokore simiti kwa nyundo na patasi kama unavyofanya kabla ya kupiga plasta mpya juu ya ya zamani. Lowesha vizuri. Paka uji mwepesi wa udongo na gundi nyeupe kidogo, usugue kwa brashi uingie kwenye vishimo. Ndipo uweke tabaka jembamba la udongo wenye nyuzi, ulichanechane kwa uma kabla halijakauka. Likishakauka na kukaa bila nyufa, juu ya hilo ndipo unapoanza mistari. Watu wanaharakisha tabaka hili na kwenda moja kwa moja kwenye mapambo. Ukuta hausahau.

Kuhusu mavi: yakishakauka ndani ya udongo harufu huisha kabisa, nyanya yako wa Kakamega angekuambia hivyo hivyo. Lakini nyumba ni ya mteja na neno lake ni la mwisho. Mpatie makapi ya uwele. Wanawake wa Kutch nao wanayatumia, kwa hiyo hutakuwa umetoka nje ya kazi. Uliza wauza nafaka Nyamakima wakuelekeze wanakopepetea. Ukikosa, nyasi kavu zilizokatwa fupi kama ukucha zinafaa, ila ziloweke kwanza.

Baraza linanipa wasiwasi zaidi kuliko yote. Udongo huu haukuchomwa motoni. Mvua ya upepo ya Aprili ikiupiga, utarudi kuwa matope. Kule Banni mapambo mengi yako ndani, au nje mahali ambapo paa limeshuka chini, na kila mwaka kuna mkono wa mwanamke unaokarabati. Nani atakarabati Parklands? Zungumza na mama huyo kwa heshima, mwambie ukuta unaofaa ni ule wa sebuleni mkabala na taa, au wa ujia wenye giza. Tena mwonyeshe usiku, kwa tochi na vioo vichache mkononi, aone mwanga utakavyokwenda. Akishaona hatataka baraza tena.

Vioo vyenyewe: weka kamba mbili zilizozunguka nafasi ya kioo, tia donge dogo la udongo laini katikati, bonyeza kioo, kisha sogeza kamba ya ndani ipande juu ya kingo kidogo tu, iwe mdomo unaokishika. Udongo ukinywea utabana kioo. Fanya hivi kamba zikiwa bado mbichi. Ukisubiri zikauke ukaja na gundi, kioo kitakaa lakini kitaonekana kimebandikwa. Na usijitese kuvilaza vyote sawasawa. Kila kioo kikielekea upande wake kidogo, mwanga unacheza. Vikilala vyote sawa kama vigae vya bafuni, utakuwa umetengeneza kioo kikubwa kilichovunjika.

Kausha polepole. Funga dirisha lenye upepo, tundika shuka bichi mbele ya ukuta siku za mwanzo. Julai yetu yenye baridi na mawingu ni mwezi mzuri kwa kazi hii, ingawa mteja ataona unachelewa. Nyufa ndogo zikitokea, zijaze kwa uji wa udongo na kidole kilicholowa.

Weupe unakuja mwisho. Kule wanatumia udongo mweupe wa chumvi wa Rann, ndio unaotoa ule weupe unaomeremeta. Hapa mimi hutumia chokaa iliyolowekwa vizuri na kuchujwa kwa kitambaa, nikipaka tabaka nyembamba mbili tatu. Vaa glavu, chokaa inachoma ngozi na macho. Kila ukipaka kipande, futa vioo vyake papo hapo kwa kitambaa kibichi, usingoje ukuta mzima uishe. Rangi nyekundu, buluu na dhahabu mnazoziona kwenye bao za siku hizi zimekuja baadaye. Si dhambi kuzitumia, lakini mteja wako amekumbuka ukuta mweupe, mpe mweupe.

Malipo: usitoze kwa mita. Mita moja ya mistari minene na mita moja ya maua madogo yenye vioo mia haziwezi kuwa bei moja. Toza kwa siku za kazi, na siku za kungoja tabaka likauke mkubaliane kabla, ziandikwe. Ukitoza kwa mita utajikuta unakimbia, na kukimbia kutaonekana kwenye kamba.

Kitu kimoja zaidi ambacho ni lazima ukiulize kabla ya kuanza: jamaa zake ni watu gani huko Kutch? Kazi hii inafanywa na jamii nyingi. Kuna Warabari ambao ni wafugaji, kuna Wakumbhar ambao ni wafinyanzi, kuna Wameghwal, kuna Wamutwa. Wamutwa ni Waislamu, na kuta zao hazina sura ya mtu wala mnyama. Wanafanya mistari, almasi na nyota tu, na kwa macho yangu hakuna walio safi kuwashinda katika hilo. Warabari wataweka tausi, ngamia, mwanamke aliyebeba mtungi, mwanamke anayesukasuka maziwa. Ukiweka tausi kwenye ukuta wa mtu ambaye kwao hawachori viumbe, utakuwa umemkosea ndani ya nyumba yake. Uliza, sikiliza, kisha mwombe akuchoree kwenye karatasi chochote anachokumbuka, hata kama mkono wake unatetemeka.

Kazi za Ndani

Mama, nimejifunza mengi na nakubali kuhusu bikari, nitajaribu bila hiyo. Ila niseme jambo kwa ajili ya Mwiko na wengine watakaotaka kufanyia mazoezi kwenye ubao: MDF ikinywa maji inavimba na kupinda. Ukitaka kuweka udongo halisi juu yake, pake gundi nyeupe iliyozimuliwa mbele, nyuma na kwenye kingo zote, iache ikauke, urudie. Plaiwudi inayovumilia maji ni bora zaidi ingawa bei yake iko juu. Na kwa wapangaji ambao hawaruhusiwi kugusa ukuta wa mwenye nyumba, ubao ndiyo njia pekee. Wengi wetu Nairobi tuko hivyo.

Mshonaji wa Ngara

Umesema vyema. Mimi mwenyewe ni mpangaji na nilijifunzia kwenye plaiwudi. Ubao hauna ubaya wowote. Ninachokataa ni mtu kuruka udongo kabisa na kusema ameijua kazi. Unga wa kauri na gundi unakungoja, na ukikosea unabandua. Udongo una saa yake. Unakuambia sasa, na ukichelewa umefunga mlango. Mkono uliojifunza saa ya udongo utaweza unga wa kauri wakati wowote, na ule mwingine hauwezi kurudi nyuma kwa urahisi.

Mwiko wa Kayole

Mama, nimerudi na habari. Nimemwuliza. Jamaa zake wanatoka Baladia, karibu na Bhuj, ni Wapatel, na babu yake alikuja Kenya kufanya kazi ya ujenzi. Anasema ukoo wao wenyewe haukuwa wa kufanya lippan. Ile nyumba aliyoiona utotoni ilikuwa ya mwanamke wa Kirabari aliyekuwa akiwaletea samli, na mama yake alimchukua kwenda kumtembelea. Amenichorea ngamia wawili na mti, na mwanamke mwenye mtungi kichwani. Mti hakumaliza, akasema nimalizie mimi.

Kuhusu ukuta, nilifanya ulivyosema, usiku kwa tochi na vioo vichache. Amechagua ujia wa kwenda jikoni. Alisimama pale muda mrefu akinielekeza nisogeze kioo huku, nisogeze kule. Amekubali pia malipo ya siku.

Sijaanza. Kamba zangu bado zina vinundu katikati, naviringisha kila jioni nikitoka kazini na mke wangu naye ameingia, zake zimenyooka kunishinda. Nilitaka kukuuliza tu: majani ya mti yanawekwa kioo kila jani, au kioo kinakaa kwenye matawi?

Mshonaji wa Ngara

Kirabari basi, vizuri sana, wanyama ruksa. Na huyo mke wako mpe ujia nusu, maana kazi ni ya wanawake tangu asili na mkono wake umeshasema.

Majani usiyatie kioo kila moja, mti utameremeta wote na hautaonekana kuwa mti. Shina liwe la kamba mbili zilizosokotwa, matawi kamba moja moja, majani madonge madogo yaliyobanwa kwa kidole yakatoka na ncha. Vioo vya duara viwekwe pale tawi linapokutana na tawi, na kimoja kikubwa juu kabisa ya mti. Ngamia wapate kioo kimoja kwenye nundu na vidogo shingoni, pale anapovalishwa mapambo. Mwanamke apate kimoja kwenye mtungi. Uso wake uache bila kitu.

Jumamosi alasiri niko dukani. Njooni wawili, mje na udongo wenu ukiwa umeshachekechwa na kuchachuka, plaiwudi ninayo. Ukishafika Ngara nitumie ujumbe hapa nikuelekeze mlango.